Simenti ya vinia: ya mwanga au ya njia mbili? Ipi itabaki nyeupe miaka mitano ijayo

Juzi jioni, nimeshafunga kliniki, mwenzangu wa Jinja akanipigia simu. Bado mchanga kazini, lakini mikono yake ni mizuri na huuliza kabla ya kuharibu. "Kaka, wiki ijayo nina mgonjwa wa vinia sita za juu. Pesa niliyo nayo inatosha boksi moja la simenti. Dukani wananiambia nichukue ya njia mbili, eti inafanya kazi zote. Nichukue?"

Muuzaji hakumdanganya. Simenti ya njia mbili, ile inayoganda kwa mwanga na pia kwa kuchanganywa, inafanya kazi karibu zote za kliniki. Tatizo ni kwamba kwenye vinia nyembamba za mbele, yaani vigamba vya kauri vinavyobandikwa juu ya meno, ubaya wake huja polepole, na hujitokeza mgonjwa akiwa ameshalipa na ameshazoea kucheka bila kuziba mdomo. Nilimwomba anipe siku mbili nimwandikie jibu refu. Ndilo hili, na nimeona bora lisomwe na wengine, wakiwamo wagonjwa wanaotaka kujua wanachotiwa mdomoni.

Kwanza niseme nililijuaje. Mwaka wangu wa pili kazini nilimwekea dada mmoja vinia nne za juu, wiki chache kabla ya harusi yake. Kliniki niliyokuwa nikifanyia kazi ilikuwa na simenti ya aina moja tu, ya njia mbili, tuliyoitumia kwa krauni (kofia za jino), kwa madaraja ya meno, hata kwa nguzo za ndani ya mzizi. Nikaitumia hiyo. Siku ile meno yalipendeza kweli kweli, mpaka mama yake akashika mikono yangu miwili akaniombea dua. Miaka mitatu baadaye dada yule alirudi kusafishwa meno. Nilizima taa ya kiti nikamsogeza dirishani, kwa sababu rangi ya jino huangaliwa kwa mwanga wa mchana. Vinia zilikuwa nzima, hakuna iliyopasuka wala kulegea, fizi safi. Lakini zote nne zilikuwa zimechukua rangi ya samli, na meno ya jirani yamebaki yalivyokuwa. Akafungua simu akanionyesha picha ya harusi. "Daktari, haya si meno yale." Sikuwa na la kubisha.

Tulikubaliana nizibadilishe kwa gharama yangu. Nilipokuwa naichonga ya kwanza, nilisimama kauri ilipobaki nyembamba kama karatasi, nikapuliza hewa, nikaangalia kwa miwani ya kukuzia. Kauri ilikuwa nyeupe kama ilivyotoka maabara. Umanjano ulikuwa chini yake, umetanda sawasawa chini ya vinia yote, na pembezoni karibu na fizi umekoza ukawa kahawia. Tangu siku hiyo sichagui simenti ya meno ya mbele kwa kuangalia nguvu ya kushika peke yake.

Kwa nini utando mwembamba hivyo uharibu rangi ya jino zima

Vinia ya kauri huwa na unene wa milimita 0.3 hadi 0.7 hivi. Ni unene wa kucha. Mwanga huipita, ukagonga simenti, ukagonga jino, ukarudi. Kwa hiyo jicho halioni kauri peke yake. Linaona vitu vitatu vilivyopandana. Kauri iliyochomwa vizuri haibadiliki rangi. Jino hubadilika, lakini kwa mwendo wa umri. Kinachoweza kugeuka ndani ya miaka miwili mitatu ni kile cha katikati.

Simenti zote za rezini, aina ya plastiki inayoganda, ni ndugu. Ndani mna vimiminika, Bis-GMA ambayo Rafael Bowen wa Marekani alipewa hataza yake mwaka 1962, pamoja na UDMA na TEGDMA, vikiwa vimekandwa na unga laini wa kioo au silika. Kinachozitenganisha ni kile kinachoziamsha zigande, na hapo ndipo habari ya rangi ilipo.

Simenti ya mwanga huamshwa na kamforokwinoni. Hii ni kemikali ya njano, hunyonya mwanga wa buluu wa kama nanomita 470, na hufanya kazi ikisaidiwa na amaini kidogo, kemikali ya kusaidia kuamsha. Umanjano wake hupauka simenti inapoganda. Ndiyo maana tone la simenti ukilimulika kwenye karatasi huonekana limekuwa jeupe kuliko lilivyotoka kwenye sirinji. Likumbuke hilo, nitalirudia nikifika kwenye taa.

Simenti ya kujigandisha haihitaji taa. Huja kwa sehemu mbili: upande mmoja benzoili peroksaidi, upande wa pili amaini ya aina nyingine, nzito zaidi kwa kazi hiyo. Zikikutana zinaganda hata gizani. Shida ni kwamba amaini haiishi yote. Inayobaki imefungwa ndani ya simenti huendelea kuoksidika kwa joto, kwa mwanga wa jua na kwa muda, na mazao yake ni njano inayokwenda kahawia. Hili hutokea hata kama mgonjwa hanywi chai wala kahawa. Linatoka ndani.

Simenti ya njia mbili ina vyote: kamforokwinoni, peroksaidi, na amaini za pande zote. Ndiyo maana inafaa kila mahali, na ndiyo maana ile ya kawaida huhifadhi rangi vibaya kuliko ya mwanga. Ukiilinganisha na ya kujigandisha peke yake, iko afadhali, mradi umeimulika vya kutosha.

Kuna pia umanjano wa kutoka nje. TEGDMA hupenda maji, na maji yakiingia hubeba rangi: chai, kahawa, binzari ya manjano kwenye pilau. Simenti yenye unga wa kioo mwingi na kimiminika kidogo hunywa kidogo. Hii huonekana pembezoni tu, pale simenti inapokutana na mate, lakini pembezoni mwa jino la mbele ndipo macho ya watu yanapotua.

Niliwahi kujionea kwa njia rahisi. Nilibana vitone vya simenti tatu, moja ya kila aina, kati ya vioo vya hadubini, nusu ya kila kioo nikaifunika kwa foili, nikaviacha kwenye dirisha la chumba cha kuchemshia vyombo, linalopigwa jua la asubuhi. Haukuwa utafiti, nilitaka macho yangu yazoee. Baada ya miezi kadhaa ya kujigandisha ilikuwa rangi ya chai ya maziwa, na hata nusu iliyofunikwa foili haikubaki ilivyokuwa. Ya njia mbili ilikuwa katikati. Ya mwanga ilibidi niiweke juu ya karatasi nyeupe ndipo nione kama imebadilika. Vioo vile ninavyo bado. Mgonjwa akiuliza kwa nini bei yangu iko juu kidogo, namtolea.

Namba zinazoletwa na wauzaji

Mwakilishi wa kampuni akija na karatasi, utaona herufi ΔE. Maabara hupima rangi kwa mihimili mitatu: L ni mwangaza, a ni kati ya wekundu na ukijani, b ni kati ya umanjano na ubuluu. Umbali kati ya rangi ya kwanza na ya mwisho ndio ΔE. Kwa hesabu ya CIELAB, nusu ya watazamaji huanza kuiona tofauti inapofika 1.2, na nusu huikataa inapopita 2.7. Kwa hesabu ya CIEDE2000 viwango hivyo ni 0.8 na 1.8. Waraka wa ISO, shirika la kimataifa la viwango, wa mwaka 2016 ndio ulioviweka mezani, na makala za zamani bado hutumia 3.3 au 3.7, kwa hiyo mtu anaweza kukuambia "imefaulu" kwa kipimo ambacho mgonjwa wako hatakikubali.

Uliza maswali mawili. La kwanza, simenti ilipimwa ikiwa wazi au chini ya kauri? Kisahani cha simenti cha milimita nzima kilicholoweshwa kwenye kahawa kitatoa namba za kutisha, wakati kanuni ya ISO 4049 inataka utando wa simenti ya kushikizia usizidi mikromita 50. Namba za kisahani wazi ni nzuri kwa kupanga simenti moja juu ya nyingine, lakini hazikuambii jino litaonekanaje. La pili, ilizeeshwa kiasi gani? Wengi huizungusha kwenye maji ya nyuzi 5 na nyuzi 55, na mizunguko 10,000 huhesabiwa kama mwaka mmoja mdomoni. Karatasi yenye mizunguko 5,000 inazungumzia miezi sita. Mgonjwa hajalipia miezi sita.

Kwa hiyo ipi, na wapi

Kwa vinia nyembamba za mbele, kauri ikiwa inapitisha mwanga na unene wake haufiki milimita moja na nusu, mimi natumia ya mwanga peke yake. Sibishani na nafsi yangu tena. Faida si ya rangi tu. Ya njia mbili ikishachanganywa, saa inakukimbiza. Una dakika chache tu, na vinia sita hazipandi kwa dakika chache bila mkono kutetemeka. Ya mwanga inakusubiri. Unapandisha, unaangalia ukingo, unafuta iliyotokeza kwa brashi, unaimulika sekunde mbili tatu ishike, unapitisha uzi kati ya meno, kisha ndipo unamulika kwa ukamilifu. Zima tu taa kubwa ya kiti, maana nayo huanza kuigandisha. Kwenye soko kuna zilizotengenezwa kwa vinia peke yake, kwa mfano RelyX Veneer (zamani ya 3M, sasa Solventum) na Variolink Esthetic LC ya Ivoclar, na huja na jeli ya majaribio ya glisirini yenye rangi ileile, ili mgonjwa aone kwenye kioo kabla hujafunga safari. Sina biashara na kampuni yoyote ninayoitaja humu.

Kwa krauni nene, kauri ya milimita mbili au isiyopitisha mwanga, na kwa zirkonia, ile kauri ngumu sana, mambo yanageuka. Hapo mwanga haufiki vizuri, na simenti ya mwanga isiyoganda ni balaa kubwa kuliko umanjano: inalegea, inavuja, jino linaoza chini kwa chini. Chukua ya njia mbili bila hofu. Kauri nene inaficha rangi ya kilicho chini yake, kwa hiyo hata ikigeuka kidogo, hakuna atakayeiona isipokuwa pembezoni.

Kwa krauni za chuma na zirkonia za meno ya nyuma, usitumie hata shilingi kwa ajili ya rangi. Simenti ya glasi ayonoma, iliyotokana na kazi ya Wilson na Kent kule Uingereza mwishoni mwa miaka ya 1960, inashika vizuri krauni yenye urefu wa kutosha, inavumilia unyevu kidogo, inatoa floridi, na bei yake inavumilika. Nimeona wenzangu wakitumia sirinji ya bei mbaya kwa magego, halafu wakibana matumizi kwenye meno ya mbele. Wamegeuza.

Zile za kujishikiza zenyewe, ambazo hazihitaji asidi wala gundi ya kutangulia, zilianza kutamba RelyX Unicem ilipotoka mwaka 2002. Kwa krauni za zirkonia ni rahisi na nzuri. Kwa vinia, hapana. Hushika enameli, gamba gumu la nje la jino, kwa unyonge usipoitia asidi, na vimiminika vyake vyenye asidi huvuta maji, jambo ambalo halina heri kwa rangi.

Kuna njia ya kati, na hapa ndipo boksi moja la mwenzangu wa Jinja linaanza kuwezekana. Watengenezaji kadhaa wametoa simenti za njia mbili zisizo na amaini: NX3 ya Kerr, Panavia V5 ya Kuraray Noritake, Variolink Esthetic DC ya Ivoclar. Wameondoa ile kemikali inayooksidika na kuweka mfumo mwingine wa kuamsha. Zinabaki na rangi vizuri kuliko zile za njia mbili za zamani, na tofauti kati yake na za mwanga ni ndogo kiasi kwamba, kama kliniki yako inafanya krauni kila wiki na vinia mara tatu kwa mwaka, boksi moja la namna hii ni chaguo la busara. Ila usikubali neno la mdomo la muuzaji. Fungua karatasi ya maelekezo iliyo ndani ya boksi, tafuta iwapo mtengenezaji mwenyewe ameandika kwamba haina amaini. Kama haijaandikwa, chukulia kuwa ipo.

Njia nyingine ya kati hutumiwa sana huku kwetu na hakuna sababu ya kuionea haya: kompoziti laini inayotiririka, ileile ya kuzibia mashimo madogo. Inaganda kwa mwanga tu, na kila kliniki inayo. Kwa vinia nyembamba inafanya kazi kwa heshima. Kasoro zake ni mbili: haina jeli ya majaribio ya rangi ileile, na nyingine ni nzito kiasi kwamba vinia haikai chini sawasawa. Ibane kati ya vioo viwili kwanza uone inatandaa vipi.

Taa ndiyo inayoamua

Hapa sitapita haraka, kwa sababu nimeona simenti bora ikiharibiwa na taa mbovu kuliko nilivyoona kinyume chake.

Simenti ya mwanga isiyomulikwa vya kutosha ina makosa mawili kwa mpigo. Kamforokwinoni iliyobaki ndani ni njano, haikupauka. Na vimiminika visivyoganda vinanyonya maji na rangi kama kitambaa. Kwa hiyo daktari aliyenunua simenti ya mwanga kwa ajili ya rangi, akaimulika kwa taa dhaifu, anaweza kupata matokeo mabaya kuliko jirani yake aliyetumia ya njia mbili ya kawaida. Nasisitiza: ya njia mbili iliyoganda vizuri ni bora kuliko ya mwanga iliyoganda nusu.

Taa nyingi tunazonunua Kampala kwa bei nafuu zimeandikwa nguvu kubwa kwenye boksi. Ipime. Radiomita ndogo, kifaa cha kupima nguvu ya mwanga, haina gharama ya kuogopesha, na madaktari watatu wanaweza kuchangia moja. Angalia ncha: rezini iliyokaukia pale, au mfuko wa plastiki uliokunjamana, hula mwanga mwingi. Angalia betri, hasa siku ambazo umeme umekatika tangu asubuhi na taa haikurudi kwenye chaji. Taa nyingine zikikaribia kuishiwa hulia mlio uleule na kuwaka buluu ileile, ila nguvu imeshuka. Mimi nina sheria: siku ya vinia, taa hulala kwenye chaji, na ya akiba hulala pembeni yake.

Kisha rangi ya mwanga wenyewe. Baadhi ya simenti, ili ziwe nyeupe tangu mwanzo, zimepunguziwa kamforokwinoni na kuwekewa vichochezi vingine, kama TPO, au Ivocerin iliyomo kwenye Variolink Esthetic, ambavyo hupenda zaidi mwanga wa zambarau wa karibu na nanomita 400. Taa ya LED ya buluu peke yake, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, huenda ikaigusa TPO kidogo sana. Ukinunua simenti ya aina hiyo, soma inataka mwanga wa nanomita ngapi, kisha soma kitabu cha taa yako. Zisipokutana, badilisha simenti au badilisha taa.

Na usibanie sekunde. Kauri inakula sehemu ya mwanga kabla haujafika. Fuata muda wa mtengenezaji kwa kila upande: mbele, ukingo, upande wa ulimi. Ncha iguse kauri, isielee hewani kwa sababu mgonjwa amechoka kufungua mdomo.

Jambo la mwisho la taa ni dogo na wengi hulisahau. Rezini inayoguswa na hewa haigandi juu. Hubaki tabaka la kunata. Tabaka hilo ndilo la kwanza kushika chai. Baada ya kumulika, paka jeli ya glisirini pembezoni pote, hewa isifike, kisha mulika tena sekunde 20. Halafu ng'arisha ukingo kwa mpira laini. Ukipitisha ncha ya kipima jino na isikwaruze popote, hapo ndipo umemaliza.

Joto la njiani

Kampala haina joto la kuua simenti. Ila sirinji inayokwenda Arua au Gulu kwenye buti ya basi, au inayokaa kwenye sanduku la boda juani mchana kutwa, si ile iliyotoka kiwandani. Peroksaidi ndiyo huumia kwanza. Simenti ya njia mbili ikishapoteza upande huo, inabaki kuganda kwa mwanga tu, nawe hujui.

Jaribu hivi. Changanya tone kwenye karatasi, lisukume ndani ya droo, funga droo, hesabu dakika zilizoandikwa kwenye maelekezo. Likiwa bado laini, usiiweke chini ya zirkonia ya mtu. Ihifadhi kwenye friji kama karatasi inavyosema, na itoe mapema ipate joto la chumba kabla ya kuitumia, kwani simenti baridi huganda kwa uvivu.

Meno ya Kisoro

Mgonjwa wa Jinja anatoka Kisoro, na hilo linabadilisha hesabu. Maji ya baadhi ya sehemu za Kisoro yana floridi nyingi, na watu waliokulia huko hutokea na madoa kahawia yaliyomo ndani ya enameli, hayatoki kwa mswaki. Vinia angavu, inayopitisha mwanga sana, juu ya jino kama hilo itaonyesha kivuli tangu siku ya kwanza, na baadaye hutajua kama kilichobadilika ni simenti au ni doa lililokuwepo. Hapo chagua simenti ya mwanga yenye rangi nyeupe isiyo angavu sana, na umwombe fundi wa maabara aongeze unene wa kauri kidogo. Kumbuka tu kwamba simenti isiyo angavu, na kauri iliyoongezwa, vyote viwili hupunguza mwanga unaoingia. Ongeza sekunde. Na enameli yenye floridi nyingi huwa ngumu kuliwa na asidi, kwa hiyo ichonge kidogo juu na uangalie weupe wa chokaa baada ya kukausha, usipouona, rudia.

Piga picha kabla na baada, dirishani, ukiweka kando ya jino kibao cha rangi. Bila picha, miaka mitatu baadaye itabaki neno lako na lake.

Wewe unayewekewa

Kama wewe ndiye mgonjwa, usiogope kumwuliza daktari: "Vinia hizi utazishikiza kwa simenti gani? Inaganda kwa mwanga peke yake? Kama ni ya njia mbili, ina amaini?" Swali la heshima halimkasirishi mtu anayejua kazi yake. Omba jina la simenti na rangi yake viandikwe kwenye kadi yako, maana vinia moja ikivunjika ukiwa Mbarara au Nairobi, daktari wa huko atahitaji kujua alinganishe na nini.

Siku ya kwanza simenti bado inamalizia kuganda. Achana na chai ya rangi, kahawa, pilau lenye manjano, na mirungi kama unatafuna. Hata zile punje za kahawa za kutafuna wanazokukaribishia nyumbani kwa Waganda, mwombe mwenyeji radhi, ataelewa. Baada ya hapo kula na kunywa, ila suuza mdomo kwa maji na usikose kusafishwa kila miezi sita, ukimwambia anayekusafisha kuwa una vinia ili asipitishe mashine kwenye ukingo wa simenti.

Mwenzangu wa Jinja nilimwambia hivi: kama vinia hizi ndizo kazi yake ya kwanza na krauni zake nyingi ni za nyuma, anunue sirinji moja ya simenti ya mwanga, si boksi zima, na aendelee na glasi ayonoma kwa magego. Pesa itakayobaki achangie radiomita na daktari wa jirani. Alinyamaza kidogo, kisha akaniambia taa yake ina miaka minne na hajawahi kuipima. Nimempelekea yangu kwa basi la leo asubuhi, nimeifunga kwenye taulo, na nimemwambia asimpangie mgonjwa siku kabla hajanitumia namba itakayosoma.